Hamsini na Nne

Kinanda cha kanisa dogo karibu na Võru
kina vibonyezo hamsini na vinne,
na kila kibonyezo kinataka chake:
transista moja, dayodi moja, rezista mbili,
njia ya shaba mpaka kwenye vali
inayoruhusu pumzi iingie filimbini.
Kazi ndogo, ya kidole kimoja.
Kisha idadi inabisha hodi na mizigo yake.

Wiki ya kwanza nilinakili na kubandika.
Nakili, bandika. Nakili, bandika.
Nje, theluji ya Tartu ilifanya vivyo hivyo.
Kufika kibonyezo cha kumi na tatu
nilikuwa na R1 kumi na tatu,
darasa zima la akina Maret
wakiitikia jina kwa pamoja,
na nyuzi nyembamba za skrini zikikatizana
kama kiota cha panya aliyeshtuliwa.

Heldur akapita na kikombe chake.
Yeye alizianza bodi kwa utepe mweusi,
akiubandika kwenye plastiki kwa kibano,
na siku ya joto, anasema, utepe ulitembea.
Hakuna mistari miwili iliyofanana
na redio zilisema.
Akatazama kazi yangu, akanywa, akatazama tena.
"Chora mmoja. Mmoja tu, umtendee haki.
Mpe karatasi yake,
kisha mwite mara hamsini na nne."

Nikafuta kumi na wawili.
Kufuta nako kuna utamu.

Siku mbili nilikaa na yule aliyebaki.
Nikaisogeza rezista nusu milimita, nikairudisha.
Nikaigeuza transista mgongo uelekee ukingoni.
Nikamwachia milango mitatu:
umeme, ardhi, na jina la noti.
Ya ndani yabaki ndani.

Bofya.

Wakashuka safu nzima, wamenyooka,
R101, R201, R301,
kila mtu na nyumba yake, na namba mlangoni.
Nikaita watu waje waone.
Alikuwepo Heldur peke yake, kwenye simu,
akibishana na mkewe juu ya viazi.

Ila wa mwisho alikalia tundu la skrubu.
Nikamtoa kundini, nikamchora upya, pembeni,
kwa mkono, usiku, nikinung'unika.

Machi bodi zikarudi kutoka kiwandani.
Nikabonyeza noti ya chini kabisa: harufu, fyuzi.
Fyuzi mpya, noti ya pili: harufu, fyuzi.
Nikaruka mpaka mwisho, kwa hasira tu,
na ile ya juu kabisa, ya pembeni, ya kunung'unikiwa,
ikafungua vali yake: tak.

Dayodi. Niliigeuza kichwa chini
kwenye ile karatasi moja niliyoitendea haki.
Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza;
hawakusema tufanyeje
pale samaki wote ni mmoja.

"Fungua karatasi," Heldur akasema, bila kucheka.
Nikaigeuza mara moja,
na kwenye skrini hamsini na tatu zikageuka pamoja,
kama vichwa ibadani mtu anapochelewa kuingia.

Lakini bodi zilikuwa mezani,
na bofya haiyeyushi lehemu.
Nikashika chuma cha moto.
Ng'oa, geuza, chomelea. Ng'oa, geuza, chomelea.
Kufika ya thelathini nilizijua kwa sura:
hii ina chozi, hii imevimba shavu,
hii niliichomelea huku nikipiga chafya.

Pasaka, Bi Aliide Kuusk akajaribu kinanda,
akapanda ngazi ya noti taratibu, akafika juu,
akaishikilia ile ya mwisho, kichwa kimeinama.
"Imeshuka kidogo hii," akasema.
"Ni filimbi," nikasema. "Si mimi."